Je, kaseti ya Game Boy inayoonyesha jina la Sachen ni ya wizi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga: Shikamoo mtaalamu. Nimeachiwa Game Boy ya kijivu na mjomba wangu aliyefanya kazi Dubai miaka ya tisini, pamoja na kaseti moja yenye gemu nne ndani yake. Nikiiwasha, badala ya jina la Nintendo kushuka kwenye skrini, linashuka jina la Sachen. Fundi wa mtaani kwetu anasema ni feki, kwamba ni gemu za wizi zilizonakiliwa, na kwamba nisihangaike kuitunza. Lakini gemu hizo sijawahi kuziona mahali pengine popote. Je, ni kweli ni za wizi? Na kama si za Nintendo, mashine ya Nintendo imezikubali vipi?

Jibu: Marahaba. Kaseti yako haina leseni, na hapo fundi wako yuko sahihi, lakini kukosa leseni na kuwa mali ya wizi ni mambo mawili tofauti, na kwa kampuni hii tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Gemu ya wizi ni ile iliyoandikwa na kampuni fulani, kisha mtu mwingine akainakili baiti kwa baiti na kuiuza bila kumlipa mwenyewe. Gemu isiyo na leseni inaweza kuwa kazi mpya kabisa, iliyobuniwa, kuchorwa na kuandikwa na watu wake, ila ikauzwa bila idhini ya kampuni iliyotengeneza mashine inayoichezesha. Sachen ilikuwa kwa sehemu kubwa ya kundi hili la pili, na ndiyo maana hujaziona gemu hizo kwingine.

Sachen lilikuwa jina la biashara la kampuni ndogo ya Taiwan iliyoitwa Thin Chen Enterprise, ambayo katika miaka yake ya mwanzo ilitumia pia jina la Joy Van, na kwenye baadhi ya bidhaa ikatumia jina la Commin. Ilianza kutoa gemu mwishoni mwa miaka ya themanini kwa ajili ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 na ambayo nchi za Magharibi ziliijua kwa jina la NES, kisha ikaingia kwenye mashine za mkononi kama hiyo ya mjomba wako. Tukitazama idadi ya gemu zake za Famicom, ni vigumu kumpata mtengenezaji mwingine asiye na leseni aliyekuwa na bidii ya kuandika vitu vyake mwenyewe kiasi hicho. Nasema hivyo nikijua kwamba nyingi kati ya gemu hizo ni za wastani, na nyingine ni ngumu mno kwa sababu hazikujaribiwa vya kutosha kabla ya kwenda sokoni.

Kwa nini wasiombe leseni tu? Nintendo ya wakati ule ilikuwa na masharti mazito. Kampuni iliyopewa leseni kwa kawaida haikujitengenezea kaseti, bali iliagiza kaseti hizo kutoka Nintendo yenyewe, kwa kiasi cha chini kilichopangwa na Nintendo na kwa malipo ya mapema, na katika soko la Marekani iliruhusiwa kutoa gemu chache tu kila mwaka. Masharti hayo yaliwezekana kwa kampuni kubwa za Tokyo na Osaka zenye mitaji. Kwa karakana ya watu wachache nchini Taiwan, iliyotaka kutoa gemu ya kujifunzia Kiingereza cha sekondari na kuiuza kwa bei ambayo mzazi wa Taiwan angeimudu, hesabu hiyo haikukubali hata kidogo.

Wakati huohuo, kila kitu kingine walichohitaji kilikuwa jirani. Taiwan ilikwisha kuwa na viwanda vya chipu. Kampuni ya UMC, iliyoanzishwa mwaka 1980 huko Hsinchu, ilitengeneza chipu zilizoiga prosesa na kichora-picha cha Famicom, na chipu hizo zikawa ndani ya mashine nyingi za kuiga zilizosambaa duniani. Mashine za Micro Genius za kampuni ya TXC zilitoka Taiwan hiyohiyo, na kutokana nazo ikazaliwa Dendy iliyoanza kuuzwa Urusi mwaka 1992. Mashine nyingi za kuchomeka kwenye televisheni zilizoingia Afrika Mashariki miaka ya tisini na baadaye, zile tulizochezea sebuleni kwa jirani kwa zamu, ni za ukoo huo. Kwa hiyo Sachen haikulazimika kumtegemea mteja mwenye mashine halisi ya Nintendo. Walikuwapo mamilioni ya watu wenye mashine za kuiga, ambao Nintendo haikuwa na duka lolote la kuwauzia.

Famicom ya Asia, tena, haikuwa na kufuli. NES iliyouzwa Marekani na Ulaya ilikuwa na chipu maalumu ndani ya mashine, na kila kaseti halali ilibeba chipu pacha. Chipu hizo mbili zilitumiana mfululizo wa ishara kwa mpangilio uleule, na zikitofautiana mashine hujizima na kujiwasha bila kikomo, skrini ikipepesa. Famicom ya awali na mashine zilizoiigiza hazikuwa na kitu hicho. Gemu za Sachen zilipotaka kwenda Marekani na Australia ndipo kufuli lilipokuwa tatizo, na hapo walishirikiana na kampuni zilizokuwa zimeshapata njia zao. Color Dreams ya Marekani, iliyotoa Silent Assault na Metal Fighter, ilitumia kaseti zinazotuma mshtuko mdogo wa umeme unaoiduwaza chipu ya kufuli. HES ya Australia ilichagua njia ya wazi zaidi: kaseti yake ilikuwa na nafasi ya kuchomeka kaseti halali juu yake, ili chipu ya kaseti ile halali ijibu maswali ya kufuli huku gemu ikisomwa kutoka kaseti ya chini.

Sasa tuje kwenye mashine yako, kwa sababu Game Boy ina kufuli la aina nyingine kabisa, na namna Sachen walivyolifungua ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu sana.

Ndani ya Game Boy ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, kuna programu ndogo ya baiti 256 inayoanza kufanya kazi mara tu unapowasha. Kazi yake ya kwanza ni kusoma kutoka kwenye kaseti picha ya baiti 48, ambayo ni nembo ya Nintendo, na kuichora ikishuka polepole mpaka katikati ya skrini. Baada ya hapo inarudi na kuisoma tena picha ileile kutoka kwenye kaseti, safari hii ikiilinganisha na nakala iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Ikikuta hata baiti moja imetofautiana, mashine inaganda hapohapo na gemu haianzi. Ulinzi huu ulikuwa wa kisheria zaidi kuliko wa kiufundi: mtu yeyote anayetaka kaseti yake ikubaliwe analazimika kuweka ndani yake nembo ya Nintendo, na akishaiweka, jina la Nintendo litaonekana kwenye skrini ya mteja, na Nintendo itampeleka mahakamani kwa kutumia alama yake ya biashara bila ruhusa.

Wahandisi wa Sachen waliona kwamba mashine inasoma nembo mara mbili, na kwamba kusoma kwa kwanza ni kwa ajili ya macho ya mchezaji, na kwa pili ni kwa ajili ya ukaguzi. Wakatengeneza chipu inayokaa kati ya mashine na kumbukumbu ya kaseti. Kaseti inapowashwa, chipu hiyo hugeuza waya mmoja wa anwani, yaani mmoja wa zile nyaya zinazoiambia kumbukumbu isomwe mahali gani, hivyo mashine inapodhani inasoma mahali palipo nembo ya Nintendo, kwa kweli inaletewa yaliyomo kwenye anwani nyingine ya karibu, ambako nembo ya Sachen imehifadhiwa. Chipu inafuatilia mienendo ya waya za anwani wakati mashine inapochora, na inapoona kwamba kuchora kumekwisha, inauachia ule waya. Mashine inarudi kukagua, inasoma mahali palepale kwa anwani ileile, na safari hii inaikuta nembo halisi ya Nintendo. Ukaguzi unapita, na gemu inaanza. Wewe umeona Sachen. Mashine imekagua Nintendo.

Tafakari maana yake kwa swali lako la wizi. Anayeuza feki anataka udhani umenunua kitu cha mwenye jina kubwa. Hawa waligharamia chipu ya ziada katika kila kaseti, kwa bidhaa ya bei ndogo ambayo kila senti ilihesabiwa, ili mnunuzi asome jina lao na si la Nintendo. Sheria ya alama za biashara inahusu hasa kumlinda mnunuzi asidanganywe kuhusu chanzo cha bidhaa, na kwa kipimo hicho kaseti ya mjomba wako inasema kweli tangu sekunde ya kwanza. Hoja ya jirani na hii ilifika mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 1992 katika kesi ya Sega, mtengenezaji mwingine wa mashine za gemu, dhidi ya Accolade, kampuni iliyoandika gemu za mashine hiyo. Sega ilikuwa imeweka mashine yake ionyeshe jina la Sega kila inapokubali kaseti, na mahakama ikaamua kwamba mkanganyiko uliotokea ulisababishwa na mashine ya Sega yenyewe, si na kampuni ndogo iliyolazimika kupita mlango huo. Kesi hiyo haikuihusu Sachen wala Taiwan, lakini inaonyesha kwamba watu makini wa sheria hawakuliona jambo hili kuwa wizi wa moja kwa moja.

Kuna ushahidi mwingine wa kiufundi ambao kwangu una uzito kuliko hoja za mawakili. Baadhi ya kaseti za Famicom za Sachen zina ulinzi dhidi ya kunakiliwa. Chukua Dancing Blocks. Ndani ya kaseti yake kuna chipu inayosubiri kuulizwa swali. Programu ya gemu inasoma anwani fulani, tuseme 4100 kwa hesabu ya tarakimu kumi na sita, ambayo kwa kawaida haina kitu chochote. Chipu inachukua biti sita za mwisho za anwani hiyo, inageuza kila sifuri kuwa moja na kila moja kuwa sifuri, na kurudisha matokeo. Programu inajua jibu linalotakiwa, na isipolipata haiendelei. Mnakili anayehamisha programu tu kwenye kaseti ya kawaida anabaki na gemu isiyocheza. Watu hawa waliishi katika soko lililojaa wanakili, nao wakatumia akili na fedha kulinda kazi ya mikono yao, jambo ambalo mtu hulifanyia kitu anachoamini ni chake.

Na walichokiandika kilikuwa na asili ya kwao. Chukua Taiwan Mahjong 16. Mahjong ya Japani na ya Hong Kong huchezwa kwa vigae 13 mkononi, na gemu zilizotoka Japani zilifuata hivyo. Taiwan wanacheza kwa vigae 16, na mchezaji wa Taipei aliyetaka kucheza kwenye Famicom kama anavyocheza nyumbani wakati wa mwaka mpya alihitaji mtu wa kwao amwandikie. Kuna pia gemu yao ya sataranji ya Kichina iliyofichwa, ambamo vipande vyote 32 hupangwa kifudifudi kwenye nusu ya ubao na kila mchezaji hufunua kimoja kimoja bila kujua kitakuwa cha nani. Ni mchezo wa vibarazani, wa wazee na watoto, na haukuwa na nafasi yoyote kwenye orodha ya gemu za kimataifa. Kuna Middle School English kwa wanafunzi, kuna Magical Mathematics, na kuna Millionaire ya kununua viwanja na kutoza kodi. Kwangu mimi hili ndilo pengo kubwa zaidi walilolijaza, na ndilo linalosahaulika haraka na wanaoziita gemu zote hizi takataka.

Kwa upande wa mashine yako, nyingi kati ya gemu zao ndogo zilitoka pia kwa ajili ya Mega Duck, mashine ya mkononi iliyotoka Hong Kong mwaka 1993 ambayo vifaa vyake vya ndani vinakaribiana sana na vya Game Boy, kiasi kwamba kuhamisha gemu kutoka moja kwenda nyingine hakukuhitaji kazi kubwa. Gemu kama Snake Roy, Magical Tower, Puppet Knight na Suleiman's Treasure utazikuta pande zote mbili. Walizikusanya nne nne kwenye kaseti moja, au nane, na kuna kaseti moja yenye gemu 31. Mtindo huo wa kukusanya ndio uliomfanya fundi wako akimbilie neno wizi, na simlaumu, kwa maana kaseti nyingi za aina hiyo tulizoziona madukani, zilizoandikwa gemu mamia kwa mamia, kweli zilijaa nakala za gemu za kampuni nyingine, nyingi zikirudiwa kwa majina tofauti. Kaseti za Sachen zinafanana nazo kwa nje tu.

Sitaki hata hivyo nikupe picha ya malaika. Sachen ilikopa, na mara nyingine ilikopa zaidi ya inavyokubalika. Gemu yao iitwayo Rocman X inaegemea waziwazi jina la Rockman, mhusika maarufu wa kampuni ya Capcom, ingawa gemu yenyewe ni nyingine, na baadaye ikatolewa kwa jina la Thunder Blast Man. Jurassic Boy ni dinosa anayekimbia katika dunia iliyochorwa kwa kumtazama Sonic wa Sega. Zito kuliko zote ni Gaiapolis ya mwaka 1994: gemu hiyo ni ya kampuni ya Konami, iliyotoka mwaka 1993 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo, na Sachen wakaiandika upya kwa Famicom bila idhini. Kwa ufundi ni kazi ya kushangaza, maana Famicom ina prosesa ya takriban megahezi 1.8 na kilobaiti mbili tu za kumbukumbu ya kazi, na kuibana ndani yake gemu ya mashine kubwa namna ile kunataka ustadi wa hali ya juu. Kwa haki za mwenye kazi, ni ukiukaji, na ustadi haubadilishi hilo. Gemu ya namna hiyo ningeiweka kundi tofauti kabisa na sataranji iliyofichwa.

Mazingira ya sheria yalikuwa yakibadilika chini ya miguu yao pia. Taiwan iliingiza programu za kompyuta kwenye sheria yake ya hakimiliki mwaka 1985, ikaifanyia sheria hiyo mabadiliko makubwa mwaka 1992 wakati Marekani ilipoitishia vikwazo vya biashara kwa sababu ya unakili, na ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002. Waliokuwa wakinakili walibanwa. Kampuni nyingine ya Taiwan, NTDEC, ambayo hata herufi za jina lake zilitokana na neno Nintendo, ilishitakiwa na Nintendo nchini Marekani na ikashindwa mwaka 1993. Sachen iliendelea kutoa gemu kwa miaka mingi baada ya hapo, hadi kwenye Game Boy Color, na naamini kuandika vitu vyao wenyewe kuliwasaidia kudumu.

Basi usiitupe. Nakuomba hata usimpe mtu akufungulie bila sababu, kwa kuwa kumbukumbu na chipu za kaseti hizi mara nyingi zimefunikwa kwa tone gumu la utomvu mweusi moja kwa moja kwenye bodi, na mtu akijaribu kulibandua ataharibu nyuzi zilizo chini yake bila njia ya kuzirudisha. Kama siku moja utawasha na kuona mstatili mweusi mtupu badala ya jina la Sachen, usidhani kaseti imekufa: hiyo ni dalili kwamba mashine haisomi kitu, na mara nyingi chanzo ni uchafu kwenye meno ya shaba. Usipulize kwa mdomo, kwani unyevunyevu wa pumzi unaleta kutu, na wewe uko pwani ambako chumvi ya hewani inafanya kazi hiyo haraka zaidi. Tumia kijiti cha pamba kilicholowanishwa spiriti safi ya kiwango cha juu, futa kwa kufuata urefu wa meno, acha ikauke, kisha chomeka. Angalia pia mahali pa betri kwenye mashine. Ukiona ungaunga wa kijani au mweupe, toa betri na usafishe kwa siki kidogo kabla ya spiriti.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi kilichomo. Kumbukumbu hizi zina zaidi ya miaka thelathini, na ukimpata mtu mwenye kifaa cha kusomea kaseti za Game Boy, inafaa yaliyomo yanakiliwe kama akiba yako. Mwambie mapema kwamba ni kaseti ya Sachen. Kifaa cha kawaida huanza kusoma moja kwa moja bila kuchora nembo kwanza, kwa hiyo ile chipu inabaki katika hali yake ya kuanzia na kurudisha sehemu isiyo sahihi ya kumbukumbu; msomaji atadhani kaseti ni mbovu. Kifaa chake kinatakiwa kiigize kwanza mienendo ya Game Boy inapochora nembo, ndipo chipu ifungue na kumbukumbu isomwe ilivyo. Kabla hujaondoka kwake, hakikisha amesoma mara mbili na kulinganisha, na upige picha lebo ya mbele pamoja na namba iliyoandikwa juu yake, kwa sababu Sachen waliipa kila kaseti namba yake, na hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni ipi hasa kati ya kaseti zao za gemu nne aliyoinunua mjomba wako.